Mchuzi wa Kuku kwa Nyumba Nzima



Huenda wako miongoni mwenu watakaocheka wasikiapo kwamba mwanamume, tena mwalimu wa chuo cha ualimu, amekuja kusema nanyi habari za sufuria na mwiko. Siwalaumu. Nilipokuwa kijana nilifunzwa kwamba mahali pa mwanamume ni barazani, na jikoni huingia kuomba moto tu. Lakini mambo yaliyonipata nyumbani kwangu yalinitoa barazani yakanitia jikoni, na leo yamenileta hapa. Nataka kuwaeleza jinsi ya kupika mchuzi wa kuku wenye viungo, upendezao pua na ulimi, na uujengao mwili. Tena nataka kuwaeleza jambo lililo gumu kuliko kupika, nalo ni jinsi ya kuugawa.

Mke wangu ni mzaliwa wa pwani, nami ni mtu wa bara. Kwetu kuku si chakula cha kila siku. Aghalabu huchinjwa Jumamosi, au siku ya mgeni. Ndiyo maana wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwaka mmoja mke wangu alijifungua mtoto mwanamume, akawa katika arobaini yake. Aliyetangulia mtoto huyo ni binti yetu, naye wakati ule alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Aliachishwa ziwa mama yake alipokuwa mja mzito, akaanza kula chakula cha nyumbani pamoja nasi.

Siku hizo nikaona kwamba binti huyu hachezi. Hukaa kizingitini kimya, akiwatazama wenzake. Nywele zake zilikuwa nyepesi, zikapoteza weusi wake. Miguu yake ilinenepa, nami kwa ujinga wangu nikafurahi, nikidhani ananawiri. Mama yangu mzee alisema, "Anamwonea wivu ndugu yake, mwanangu, atazoea." Hata siku moja nilipokuwa nikimvika viatu, kidole changu kikaacha shimo juu ya mguu wake, na shimo lile halikujaa upesi. Hapo nikaogopa, nikambeba mpaka hospitalini.

Bibi muuguzi akamtazama, akambonyeza mguu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mtoto huyu hula nini?"

Nikamjibu kwa kujivuna kidogo, "Anakula vizuri, Bibi. Ugali kila siku, na kila Jumamosi tunachinja kuku, naye hupata mchuzi wake."

Yule Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchuzi nimesikia, Mwalimu. Na nyama yake hula nani?"

Mabwana, nimefanya mitihani mingi maishani mwangu, lakini swali lililonishinda kama lile silikumbuki.

Mtoto alilazwa, akapewa maziwa na dawa kwa vipimo, kidogo kidogo, hata uvimbe ukapungua na uchangamfu ukamrudia. Alipokwisha kutolewa hospitalini, mama yake angali katika arobaini, nikaazima mizani ndogo ya ghala ya chuo. Jumamosi nikachinja kuku, nikampika mwenyewe, huku mke wangu akinielekeza kwa sauti kutoka chumbani, "Mwalimu, punguza moto! Mwalimu, kitunguu hicho kinaungua!" Kisha nikapakua kama ilivyokuwa desturi yetu, kila mtu kwa cheo chake. Nilipokwisha kupakua, nikaondoa mifupa, nikapima nyama ya kila sahani.

Jumla ilikuwa gramu 500. Sahani yangu mimi ilikuwa na gramu 190. Wavulana wetu wawili walikuwa na gramu 85 kila mmoja. Mama yangu mzee, gramu 90. Mke wangu, aliyekuwa akinyonyesha, gramu 40. Na binti yetu, ambaye ndio kwanza ametoka hospitalini, alikuwa na mchuzi tele, na ncha ya bawa yenye gramu 10.

Hapana mtu katika nyumba ile aliyemchukia mtoto. Sote tulimpenda, na usiku ule alipokuwa mgonjwa hapana aliyelala. Ni desturi iliyopakua chakula, sisi tulishika upawa tu.

Nimeyatafakari sana mambo hayo, nikaona kwamba tulikuwa na makosa mawili, na naamini kwamba nyumba nyingine nyingi zinayo.

Kosa la kwanza ni lile la cheo. Katika nchi zetu kuku amekuwa chakula cha heshima tangu zamani. Kwa Waluhya, katika magharibi ya Kenya, zamani mwanamke hakula kuku kabisa, na firigisi ilikuwa fungu la mwenye nyumba. Kwa Waganda nako wanawake walikatazwa kuku na mayai. Miiko hiyo imelegea siku nyingi, lakini ukichungulia sahani utaona alama yake ingalipo: paja na kidari huenda kwa baba na mgeni, shingo na mgongo huenda kwa mama, na mtoto mdogo hupewa kitu cha kuchovya tonge.

Kosa la pili ni la maarifa, nalo limeenea hata kwa watu waliosoma. Twadhani kwamba kuku akichemka, nguvu yake yote huhamia katika mchuzi, na nyama inayobaki ni kama makapi ya muwa. Basi mama humpa mtoto mchuzi, akiamini kwamba amempa kilicho bora. Si hivyo. Fanyeni jaribio dogo ambalo mimi huwafanyisha wanafunzi wangu. Chukueni ute wa yai, mweupe na majimaji, mkautie katika maji yanayochemka. Mtaona unaganda mara moja, wala hauyeyuki majini. Kile kitu kinachoganda ndicho wataalamu wakiitacho protini, nacho ndicho kijengacho mwili. Katika nyama mambo ni hayo hayo. Moto huigandisha protini ndani ya nyama, na sehemu kubwa hukaa mumo humo. Mchuzi hupata chumvi, mafuta, harufu na ladha, na protini kidogo sana. Wafaa kumpa mgonjwa hamu ya kula, lakini hauwezi kushika mahali pa nyama.

Na sasa niseme kidogo juu ya hiyo protini, ili tupate kipimo cha kutumia. Mwili ni kama nyumba inayobomoka kidogo kila siku na kukarabatiwa kila siku. Vyakula vya wanga, kama ugali, wali na mihogo, ni kuni za kuupa joto na nguvu. Protini ni udongo na mawe ya kujengea. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 hutaka gramu 50 hivi za protini kwa siku. Mama anayenyonyesha, katika miezi sita ya kwanza, hutaka karibu gramu 20 zaidi ya hizo. Mtoto wa miaka miwili hutosheka na gramu 13 hivi. Ni chache, lakini tumbo lake ni dogo, na ukilipima hitaji lake kwa kila kilo ya mwili, limezidi la baba yake, kwa kuwa baba hukarabati tu, na mtoto anajenga.

Nyama ya kuku iliyopikwa, bila ngozi wala mfupa, ina gramu 27 hivi za protini katika kila gramu 100. Basi fanyeni hesabu. Gramu 50 tu za nyama zingalimtosheleza binti yangu kwa siku nzima, wala kuku wangu hakuwa mdogo. Nilikuwa na gramu 190 katika sahani yangu mwenyewe, na baadaye nikaenda barazani kupumzika.

Maradhi yaliyomshika mtoto wangu yana jina linalojulikana ulimwenguni. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari zake mwaka 1933, na mwaka 1935 akayataja kwa jina la kwashiorkor, ambalo ni neno la lugha ya Waga wa pande za Accra. Wenyeji wale walilitumia kwa ugonjwa unaomshika mtoto aliyetangulia, mdogo wake azaliwapo. Huku kwetu wako wanaosema kwamba mtoto amebemendwa, wakawatazama wazazi kwa jicho la lawama. Wataalamu wa leo husema kwamba sababu zake ni zaidi ya moja, na ukosefu wa protini hauji peke yake. Mtoto hukosa vyakula vingi kwa pamoja, na kuhara na homa humzidishia. Kwa hiyo mzazi atakayeona uvimbe wa miguu au uso, nywele kubadilika rangi, na mtoto kununa na kukataa chakula, ampeleke hospitali siku ile ile. Wakati huo sufuria ya nyumbani haitoshi. Sufuria ya nyumbani ni ya kuzuia maradhi kabla hayajaingia mlangoni.

Sasa twende jikoni. Lakini kabla ya kuwasha moto, nawaombeni mviangalie vitu vilivyoko mezani, kwa maana vina fundisho. Watu wa bara wengi hudhani kwamba mchuzi wa bizari ni wa Wahindi, na watu wa pwani hudhani kwamba ni wao tangu mwanzo wa dunia. Ukweli ni kwamba umekusanywa kutoka pande nyingi. Pilipili manga na iliki asili yake ni kusini ya India. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Pilipili za kuwasha na nyanya ni mimea ya Amerika. Hapana mtu wa Afrika wala wa India aliyeionja kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno ndio waliozieneza pilipili katika bahari yetu. Nazi ni ya pwani. Na reli ilipojengwa kutoka Mombasa mpaka ziwani, tangu 1896 hata 1901, vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na wale waliobaki walifungua maduka ya viungo mbali sana na bahari. Hivyo chakula tukiitacho cha desturi kimebadilika mara nyingi. Ikiwa babu zetu waliweza kuipokea pilipili ya Amerika, sisi twashindwaje kubadili namna ya kupakua?

Vipimo nitavitaja polepole, ili mwenye kalamu aviandike. Ni vya watu sita.

Kuku mmoja, ambaye akisha kunyonyolewa na kusafishwa ana uzito wa kilo moja na gramu 200. Choroko gramu 250; Mombasa huitwa pojo, na bara ya Kenya huitwa ndengu. Vitunguu maji vitatu. Nyanya nne zilizoiva sana. Kitunguu saumu, punje sita. Tangawizi mbichi, kipande kama kidole gumba. Ndimu moja. Mafuta ya kupikia, vijiko viwili vya mezani, visizidi. Chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Tui la pili la nazi, kikombe kimoja. Na mahali ambapo nazi haipatikani, maziwa ya mgando kikombe kimoja.

Viungo ni hivi: mbegu za giligilani, vijiko viwili vya chai, bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai, pilipili manga, nusu kijiko, iliki, punje nne, karafuu, punje tatu, mdalasini, kijiti kimoja, na manjano ya unga, kijiko kimoja cha chai. Pilipili za kuwasha, mbili au tatu, nzima zisizopasuka. Mwisho, majani ya giligilani, fungu dogo.

Choroko zichaguliwe, zioshwe, zilowekwe usiku kucha, kisha zichemshwe peke yake hata ziwe laini. Msidhani nimezitia kwa sababu ya umaskini. Katika gramu 250 za choroko kavu mna karibu gramu 60 za protini, na katika kuku wetu mna gramu 135 hivi. Basi choroko huongeza karibu nusu ya kile alichonacho kuku, kwa fedha kidogo. Tena kuna faida nyingine. Unga wa mahindi una protini kiasi, lakini una upungufu wa kitu kimoja kiitwacho laisini, ambacho ni mojawapo ya vipande vinavyoiunda protini. Choroko, kunde, maharagwe na mbaazi vina kitu hicho kwa wingi. Ugali na choroko vikikutana tumboni, kimoja humkopesha mwenziwe.

Kuku akatwe vipande kumi na viwili, na ngozi iondolewe, kwa maana mafuta yake mengi yamo ngozini na chini yake. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi usivitumie kwa nyanya wala majani kabla ya kuviosha kwa sabuni na maji ya moto. Mikono vivyo hivyo. Kuku mbichi aweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na moto huviua, lakini havitaufuata moto kama umevihamishia katika kachumbari.

Twanga kitunguu saumu na tangawizi pamoja na nusu ya chumvi. Pakaza vipande vya kuku, kamulia ndimu, funika, uache muda wa saa moja. Wakati huo, weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo, tia viungo vyote vya punje, ukavikoroge dakika mbili au tatu, mpaka harufu ipande. Vikianza kufuka moshi umechelewa. Viepue, vipoe, kisha vitwange katika kinu viwe unga. Viungo vilivyotwangwa siku ile ile vina harufu mara nyingi kuliko unga uliokaa dukani mwaka mzima, na harufu ikiwa nyingi, mpishi hahitaji kujaza chumvi na mafuta.

Sasa tia mafuta katika sufuria, yapate moto, kisha tia vitunguu maji vilivyokatwa vyembamba. Hapa ndipo mke wangu aliponipigia kelele, naye alikuwa na haki. Vitunguu vitake visitake, vipewe dakika kumi na tano kwa moto wa wastani, mpaka viwe na rangi ya asali. Rangi na utamu wa mchuzi vyatoka hapo. Vikianza kushika, nyunyiza maji kijiko kimoja, wala usiongeze mafuta. Kisha tia manjano na unga wa viungo, koroga mara moja, utie maji vijiko viwili ili visiungue. Fuatisha nyanya zilizokatwakatwa na chumvi iliyobaki. Zipike mpaka zivurugike kabisa, na mafuta yaanze kujitenga pembeni.

Tia kuku, mgeuze vipande vyote vipate viungo, funika, uache dakika kumi atoe maji yake mwenyewe. Kisha tia maji ya moto vikombe viwili. Kuku wa kisasa, yule wa wiki sita, ataiva kwa dakika 40 hivi. Kuku wa kienyeji, na hasa jogoo aliyezeeka akiwika, hutaka saa moja na nusu au zaidi, na maji huongezwa kila yapunguapo. Utajua ameiva ukichoma sehemu nene ya paja, na maji yatokayo ni meupe, wala hakuna wekundu karibu na mfupa.

Hapo tia choroko zilizokwisha kuiva, na pilipili nzima juu yake. Zielee bila kupasuka. Huu ni ustadi wa watu wa pwani, nami naupenda sana, kwa sababu mchuzi hupata harufu ya pilipili bila ukali wake. Atakaye kuwashwa huiweka pilipili katika sahani yake akaibonyeza. Mtoto na mzee hawataumia. Viungo na ukali si kitu kimoja, na nyumba nyingi humnyima mtoto mchuzi mzuri kwa kuwa mpishi amevichanganya hivyo viwili.

Mwisho tia tui la pili, usifunike, koroga polepole kwa moto mdogo ili lisikatike. Tui la kwanza ni tamu, sikatai, lakini mafuta yake ni mazito na protini yake ni haba, liwekeeni sikukuu. Mwenye kutumia maziwa ya mgando ayapige kwanza yawe laini, aepue sufuria, ndipo ayatie. Nyunyiza majani ya giligilani. Mchuzi umekwisha, na majirani wamekwisha kujua.

Basi tumefika kwenye upawa. Sheria yangu ni moja: sahani ya mdogo kabisa hupakuliwa kwanza, na ya mama anyonyeshaye au mja mzito huwa ya pili. Nyama ya mtoto hutolewa mfupa, hukatwa au kuchambuliwa nyuzi nyuzi, na huchanganywa na choroko na mchuzi mzito ndani ya wali au ugali laini, ili asipate nafasi ya kuchovya tu. Siku hizi mafungu yetu ni haya: binti yetu gramu 50, mama yake gramu 115, wavulana gramu 80 kila mmoja, mama yangu mzee gramu 80, nami gramu 95. Jumla ni zile zile gramu 500. Kuku hakuongezeka hata unyoya, lakini kila mmoja ameamka na mwili uliopata haki yake. Mizani nilikwisha kuirudisha. Jicho likizoea halihitaji kupimiwa.

Najua maneno yatakayosemwa. Mzee mmoja, rafiki yangu, aliniuliza, "Mwalimu, na heshima ya baba imekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba firigisi nimeiacha mahali pake. Kuku mmoja ana firigisi moja, nayo ni ndogo. Mwenye cheo na aipokee, na kila mtu mezani ataona kwamba amepewa heshima. Lakini heshima haina sababu ya kuchukua na mapaja mawili. Mwingine aliuliza habari za mgeni. Mgeni aketi mahali pazuri, anawishwe mikono, apewe kipande cha kuchagua, baada ya sahani ya mtoto kutengwa jikoni. Methali yetu yasema mwenyeji apone, na mtoto mdogo ni mwenyeji.

Mwingine atasema, "Mimi sina kuku kila Jumamosi." Huyo ana neno la kweli, nami sitaki kumjibu kwa mzaha. Mchuzi huu huu waweza kupikwa kwa choroko au kunde peke yake, na mayai mawili matatu yaliyochemshwa na kukatwa ndani yake. Yai moja lina gramu sita hivi za protini. Waweza kupikwa kwa dagaa waliooshwa vizuri. Lililo kubwa ni lile lile: chochote kijengacho mwili kikiingia nyumbani, kiwe kidogo namna gani, kipimwe kwanza kwa haja ya mdogo na mama.

Na chakula kikibaki, kisikae juu ya meko mpaka kesho. Kipoe upesi, kihifadhiwe mahali pa baridi kilipofunikwa, na kabla ya kuliwa tena kichemshwe mpaka kitoke mapovu.

Binti yangu sasa anakwenda shule. Hakumbuki hospitali, wala hajui kwamba habari zake zimesemwa leo mbele yenu. Jumamosi iliyopita alinikuta jikoni nikikatakata kuku, akasimama kando yangu akihesabu vipande, kama watoto wa shule wahesabuvyo kila kitu. Akaniuliza, "Baba, mbona kuku ana mapaja mawili tu, na sisi tu wengi?" Nikamwambia, "Ndiyo maana Baba amejifunza kugawa."

Mabibi na Mabwana, usiku wa leo, au siku yoyote mtakapochinja, mkishika upawa lijibuni swali lile la Bibi muuguzi kabla hamjaulizwa.